Kongi, komando aliyefungwa kiuno kwa tyubu ya baiskeli

Mama alikuwa anauza mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya. Naongelea Mwanjelwa ya zamani, kabla haijaungua, mabanda ya mbao yamebanana mpaka ukikutana na mtu kabeba gunia mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume. Kila akifungua robota la nguo za watoto mi nilikuwa na kazi moja tu, kupekua mifuko. Jaketi, suruali, masweta yenye mifuko ya tumboni, unaingiza mkono unatafuta. Waliokulia kwenye mitumba wanaijua hii kazi. Mara nyingi unakuta tishu iliyofuliwa ikakauka, karatasi ya pipi, kifungo, na siku moja tulikuta sarafu ambayo mama aliiweka kwenye kopo la akiba na mpaka leo hakuna anayejua ni ya nchi gani.

Sasa ilikuwa 1993, likizo ya mwezi wa sita, nipo darasa la tatu. Baridi ile ya Mbeya wenyewe mnaijua, asubuhi ukungu umeshuka hata mlima Loleza huuoni, maji ya bomba unayagusa kwanza na kidole kimoja kama unajaribu pasi ya moto. Nikaingiza mkono kwenye jaketi la bluu lenye zipu mbovu nikagusa kitu kigumu. Kina mikono. Nikautoa mkono haraka nikidhani mdudu, alafu nikarudisha tena polepole, nikamtoa.

Alikuwa askari wa plastiki wa kuchezea, mweusi tii, urefu kama viberiti viwili ukivisimamisha kimoja juu ya kingine. Hana sura. Yani kichwa kipo lakini uso umefunikwa wote, macho ni kama miwani ya fundi wa kuchomelea. Mikanda mikanda kifuani. Magoti yanakunja, viwiko vinakunja, shingo inageuka kushoto na kulia. Nyuma, pale kwenye makalio, kulikuwa na maandishi madogo sana ya kuchongwa kwenye plastiki, na mimi kwa kujivunia kusoma nikayasoma kwa sauti mbele ya wateja: HONG KONG. Nikajua ndo jina lake. Mama mmoja aliyekuwa anachagua sketi akacheka mpaka akakaa. Kwaiyo akaitwa Hongikongi siku mbili tatu, alafu likafupika likabaki Kongi.

Nina haraka ya kuwaambia alivyokatika kiuno ila kwanza kuna bibi.

Bibi alikuja wiki hiyo kutoka Tukuyu na mikungu yake ya ndizi, akamkuta Kongi juu ya meza, akamshika kwa ncha za vidole. Bibi hakuwahi kuita zile nguo mitumba, mpaka anafariki alikuwa anaziita kafa Ulaya, kwa imani kwamba ni nguo za Wazungu waliokufa, maana mtu mzima na akili zake atatoaje jaketi zima namna ile. Akamgeuzageuza Kongi akasema, "Huyu mwenyewe amekufa." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatoa taarifa tu. Alafu akaenda kumenya ndizi.

Jamani mimi usiku ule sikulala. Nilikuwa nalala na mdogo wangu kitanda kimoja, tukakubaliana Kongi hawezi kulala chumbani, tukamfunika na sufuria jikoni na juu ya sufuria tukaweka jiwe la kusagia. Usiku mzima nawaza kuna mtoto wa Kizungu kafa, anamtafuta mtu wake, anapita nyumba hadi nyumba hapa Mabatini, anauliza. Asubuhi nikaenda kuangalia, yupo pale pale, kalala chali, mikono juu. Woga ukaisha, huruma ikaanza. Nikamuosha na sabuni ya mche.

Baba mdogo naye hakuchelewa. "Mtoto wa kiume unacheza na mdoli?" Nikamwambia sio mdoli, ni komando. Akasema mdoli ni mdoli hata umvalishe magwanda. Hili lilinikaa moyoni miaka mingi kama kijiba, na nilipokuja kuwa mtu mzima nikaanza kusoma habari za hivi vitu nikakuta kumbe ugomvi wangu na baba mdogo ni ugomvi mkubwa, wamegombana nao matajiri.

Iko hivi. Marekani mwaka 1959 kampuni ya Mattel ilitoa Barbie, mdoli wa kike unayemnunulia nguo kila siku, akauzwa sana. Wengine wakajiuliza, na watoto wa kiume je? Kampuni ya Hasbro, wa kule Pawtucket, jimbo la Rhode Island, mwaka 1964 wakatoa askari anayekunja viungo, wakamwita G.I. Joe, urefu inchi 12, karibu sentimita 30, na yeye unamnunulia nguo na silaha. Tatizo lao lilikuwa hilo hilo la baba mdogo. Baba gani wa Kimarekani wa 1964 atamnunulia mwanaye mdoli? Wakakataza hilo neno kabisa. Wakatunga jina jipya, akshen figa (action figure), na mpaka leo dunia nzima wanaita hivyo. Yani biashara nzima imesimama juu ya kukwepa neno mdoli. Sisi Kiswahili hatukuhangaika, tumebaki na mdoli, na sanamu, na mtoto akibanwa anasema komando.

Na kuna kesi nyingine imenichekesha zaidi. Mwaka 2003 mahakama ya biashara ya kimataifa ya Marekani ilikaa kuamua kama midoli ya wale mashujaa wa katuni wa X-Men ni midoli au ni vitu vya kuchezea tu, maana forodhani mdoli alikuwa anatozwa asilimia 12 na kitu cha kuchezea asilimia 6.8. Mdoli kisheria lazima awe mfano wa binadamu tu. Kampuni ya Toy Biz ikashinda, ikaamuliwa wale si binadamu. Sasa fikiria mwanasheria mzima na suti yake amesimama kutetea kwamba huyu ana makucha kwaiyo si mtu. Natamani baba mdogo angekuwepo kwenye ile mahakama, wangemaliza saa nne asubuhi.

Tuendelee na Kongi.

Kongi hakuwa na bunduki. Sijui ilibaki wapi, alikuja mikono mitupu. Na gumba la kulia lilikuwa limeshakatika alivyofika, la kushoto nikalikata mimi mwenyewe wiki ya kwanza nikilazimisha ashike msumari. Kwaiyo komando wetu hana sura, hana bunduki, hana gumba. Tukawa tunamfunga njiti ya kiberiti mkononi kwa uzi, akitaka kupiga risasi mi ndo napiga kwa mdomo. Na alipiga kweli. Adui zake walikuwa magunzi ya mahindi, tunayapanga kwenye matuta nyuma ya nyumba, magunzi arobaini, hamsini, mengine tumeyachora macho kwa mkaa. Stelingi hafi, hiyo ni sheria inayojulikana, kwaiyo Kongi aliingia peke yake akatoka peke yake na mavumbi yake. Gari lake lilikuwa la boksi, matairi ya ndala ya bibi, ambayo bibi aliitafuta mpaka akarudi Tukuyu na mguu mmoja wa ndala. Bibi samahani.

Ila mchezo wenyewe hasa ulikuwa wa kuruka. Nyumbani kulikuwa na mparachichi mkubwa, na watoto wa Mbeya tunajua mti ule, matawi yake yanavunjika kijinga lakini unapandika vizuri. Parachuti kwenye mparachichi, tulikuwa tunaimba hivyo, parachuti parachichi parachuti parachichi mpaka maneno yanagongana. Parachuti yenyewe ilikuwa mfuko wa Rambo. Watoto wa sasa hivi hawajui, tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 hamna tena, lakini zamani mfuko wa plastiki wa dukani ulikuwa unaitwa Rambo, hiyo ndo lugha, "nipe na Rambo". Unafunga nyuzi nne, unamfunga Kongi kwapani, unapanda, unamwachia. Mara nyingi mfuko unajaa upepo anashuka taratibu kama mheshimiwa.

Siku hiyo haukujaa. Alishuka kama jiwe na chini kulikuwa na jiwe lingine. Nilisikia tu kitu kimelia ta! Nikashuka mbio. Kifua kipo huku, miguu ipo kule, na kiuno, kile kipande cha katikati, kimerukia kwenye beseni la vyombo.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, na yeye hakulia wala nini, alienda moja kwa moja kuchukua jembe la palizi akaanza kuchimba kaburi chini ya mparachichi. Watoto wa jirani wakaja, mmoja akajitolea kuwa mchungaji. Tulikuwa tumeshafika kwenye wimbo wa pili, Kongi yuko kwenye boksi la sabuni vipande vitatu, mimi nalia machozi ya kweli, ndo mjomba akapita na baiskeli yake kuja kula mchana.

Mjomba ni mdogo wake mama, fundi baiskeli, banda lake lilikuwa pale pale Mwanjelwa nyuma ya mitumba. Akauliza nani kafa. Tukamwonyesha. Akachuchumaa, akachukua vile vipande, akachungulia ndani ya kifua kama anavyochungulia ndani ya tairi. Akasema, "Huyu hajafa. Mtu hafi kwa kukatika tyubu."

Naomba nieleze vizuri hapa kwa sababu hiki ndo kitu ambacho nimekifikiria miaka thelathini. Wale askari wadogo wameungwa hivi. Kifua ni magamba mawili, la mbele na la nyuma, yamekamatwa na skrubu moja tu mgongoni. Miguu miwili imeshikana kwa kichuma chenye ndoano. Katikati kuna kiuno. Na kinachoshika hiyo ndoano ya miguu isianguke, kinachovuta kila kitu kiende juu kwenye kifua, ni kampira kadogo ka mviringo. Oringi. Basi. Ndo maana anaweza kuinama, kugeuka, kukaa. Askari mzima na magwanda yake yote yuko mzima kwa sababu ya kampira, na mpira ni mpira, unazeeka, unakauka, unapasuka, siku ikifika inafika hata kama hujamrusha kutoka kwenye mti. Wote walikuwa hivyo, wa Mbeya na wa Marekani.

Mjomba hakuwa na bisibisi ndogo kiasi hicho. Akachukua spoku akaigonga na nyundo kwenye chuma, akainoa kwenye jiwe mpaka ikawa na meno ya nyota, akafungua mgongo wa Kongi. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya mpira mweusi, vigumu kama mbegu. Akavitupa. Akachukua tyubu chakavu, akaikata na wembe kwa upande, si unajua tyubu ni bomba, ukiikata kwa upande unapata duara. Duara lenyewe kubwa, kwaiyo alitumia ile tyubu ndogo ya baiskeli ya mtoto, akakata tena, akabana, akaunganisha kwa solusheni akapata kakipenyo anakotaka.

La kwanza lilikuwa nene. Kongi akafungwa vizuri lakini hainami, hageuki, amesimama kama bwana harusi amekatazwa kutikisa keki. La pili likalegea, ukimshika kifua miguu inaning'inia inajigongagonga kama mlevi anasindikizwa. La tatu mjomba alilikata akiwa ametoa ulimi nje kidogo, pembeni, anavyofanya akipatia. Akalivuta mara mbili kati ya vidole, akalisikiliza, mi nilikuwa namwona kabisa analisikiliza. Akafunga. Kongi akainama. Akasimama. Mjomba akamkalisha juu ya tangi la pampu, akakaa.

Malipo yalikuwa kazi. Nikawa naenda bandani jioni na Jumamosi. Kupampu, kushika gurudumu wakati analinyoosha, na ile kazi niliyoipenda kuliko zote ya kutafuta pancha kwenye karai, unaizamisha tyubu kidogo kidogo unaizungusha, unasubiri mapovu. Ukiona mapovu unaweka alama na kijiti, unafuta, unasugua msasa, unapaka solusheni, unasubiri ikauke, hapo ndo watu wengi wanakosea hawasubiri, alafu kiraka. Muda wote Kongi kakaa kwenye boksi la vifaa anasimamia. Mpira wake ulibadilishwa mara nne au tano ile miaka, na mjomba alikuwa ananiambia huu umetoka wapi. Huu wa baiskeli ya Swala ya mwalimu. Huu wa Phoenix ya yule anayeleta maziwa kutoka Uyole. Kwaiyo Kongi alikuwa na kiuno cha mwalimu, akaja kuwa na kiuno cha muuza maziwa, na mimi niliona kabisa kwamba kipindi cha mwalimu alikuwa mkakamavu zaidi.

Mwaka 1999 nikaenda sekondari ya bweni. Ukienda bweni na mdoli umekwisha, hata ukisema ni komando. Nikamwacha kwa mjomba. Nikirudi likizo namkuta ametundikwa kwa waya mbele ya banda pamoja na pedali na minyororo, kama tangazo, yani huyu fundi anatengeneza kila kitu. Likizo za mwisho hata sikuwa namwangalia. Nilikuwa na mambo mengine, nilikuwa naangalia nani anapita.

Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Nilikuwa chuo Dar. Nilipigiwa simu, nikapanda basi, nikafika usiku. Sitaki kueleza sana. Mama alikuwa na marobota mawili hajayafungua hata, ya sikukuu. Banda la mjomba lilibaki fremu za baiskeli zimepinda kama zimekatwa na mtu mwenye hasira, na boksi la vifaa limekuwa jeusi, ndani funguo zimeshikana kuwa kitu kimoja. Mjomba alikuwa anazigonga na jiwe, moja moja, anajaribu kuzitenganisha. Nikakaa naye nikamsaidia kugonga.

Nilitaka kuuliza. Naapa nilitaka kuuliza, neno lilikuwa mdomoni kabisa. Ila unaulizaje? Watu wamekaa chini wanalia, mama anahesabu deni, kijana wa chuo miaka 22 unauliza mdoli uko wapi. Nikanyamaza. Na nilinyamaza kwa jumla ya miaka kumi na kitu.

Sasa hivi nipo Iringa kikazi. Usiku mmoja nimekosa usingizi, natembeza kidole kwenye simu, ikapita picha. Nikaruka nikakaa. Alikuwa yeye. Mweusi, hana sura, mikanda kifuani. Ila huyu alikuwa na bunduki na magumba yote mawili, amesimama mbele ya karatasi nyeupe kama yuko studio anapiga paspoti.

Anaitwa Snake Eyes, mmoja wa wale askari wa G.I. Joe. Nilivyosoma hilo jina nilijisikia vibaya kidogo, kama umekutana na rafiki yako wa utoto kwenye msiba unasikia watu wanamwita jina la kwao ambalo hukuwahi kulijua. Hasbro walikuwa wameacha kuwatengeneza wale wakubwa wa inchi 12 katikati ya miaka ya 70, alafu wakarudi 1982 na askari wadogo wa inchi tatu na robo tatu, saizi ambayo kampuni ya Kenner ilishaifanya iwe maarufu tangu 1978. Kila askari alikuja na kadi nyuma ya pakiti yenye jina lake, kwao, cheo na kazi, na aliyekuwa anaziandika ni Larry Hama, mwandishi wa katuni wa Marvel aliyewahi kuwa mwanajeshi mwenyewe. Kadi ya huyu wa kwetu jina la kweli ni siri. Kwao ni siri. Na kwenye zile hadithi haongei, ni bubu. Hapo nilicheka peke yangu gizani kwa sababu Kongi alikuwa anaongea sana, alikuwa na sauti nzito na lafudhi ya Kinyakyusa.

Nikagundua na mwaka wake. Wale wa 1982 mkono unakunja kiwiko tu, kuanzia 1983 wakawekewa mkono unaozunguka juu ya kiwiko. Wa kwangu ulikuwa hauzunguki, najua, nilishajaribu kwa nguvu na nilikaribia kuuvunja. Kwaiyo Kongi alizaliwa 1982, alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili. Ningemwamkia.

Ila lililonimaliza ni hili la weusi. Unajua kwa nini alikuwa mweusi tii bila hata tone la rangi? Kwa sababu rangi ni hela. Kila rangi unayopaka kwenye kitu kidogo kama kile ni hatua nyingine kiwandani na gharama nyingine, na bajeti ya lile kundi la kwanza ilikuwa imebana, ikabidi mmoja atoke bila kupakwa. Wakamtoa kwenye plastiki nyeusi tupu, wakamfunika uso, wakasema ni komando wa siri. Uso wake uliokuwa unanitisha usiku, ile siri yote, ni kubana matumizi. Na ndo akaja kuwa anayependwa kuliko wote. Mama alikuwa anafanya hivyo hivyo na masweta, lenye doa anashonea kiraka cha ua juu ya doa, linaisha la kwanza.

Nikaanza kutafuta wa kununua. Wazima wana bei za ajabu, na hata hivyo hiyo sio bei ya kushangaa, kuna mfano wa kwanza kabisa wa yule Joe mkubwa, wa majaribio, uliouzwa dola 200,000 mwaka 2003. Mi nikaenda kule chini kwenye mabovu. Kuna watu wanauza kwa mafungu, miguu, vichwa, vifua. Nikamwona mmoja. Muuzaji kaandika vipande vyote vipo, oringi imekatika. Bei rahisi. Bwana mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa anakwenda Marekani kwenye mafunzo, nikamtuma. Alivyorudi alinikabidhi bahasha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hiki ni kitu gani?" Nikamwambia spea.

Na hapo ndo ningeweza kumfunga mwenyewe. Oringi zinauzwa, unaagiza pakiti nzima, au ukienda duka la vifaa vya mabomba hukosi zinazokaribiana. Skrubu moja tu. Sikutaka. Nikasubiri Ijumaa, nikapanda basi, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, bahasha iko mfuko wa shati na kila saa naigusa.

Mjomba sasa anakaa Uyole. Ana miwani ya kamba, magoti yamechoka, hafanyi tena ufundi wa kila siku ila majirani bado wanamletea. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za Iringa, chai ikaja, viazi vikaja, parachichi likakatwa. Nikasubiri mpaka amemaliza kula. Alafu nikamimina vile vipande mezani, kifua, kiuno, miguu, kichwa, mikono.

Akaviangalia. Akaniangalia. "Umekuja na nini?"

Nikamwambia, mjomba ni Kongi. Sio yule, lakini ni yeye. Akatikisa kichwa taratibu. Nikamkumbusha mparachichi, kaburi, mchungaji, bwana harusi, mlevi, waya mbele ya banda. Nilieleza nusu saa. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni anayekusimulia ndoto yake. Mwisho akasema, "Mjomba, nimetengeneza vitu vingi sana." Hakumbuki. Kabisa. Sio kidogo, kabisa. Nikamuuliza, na ule moto, hukuwahi kumtafuta? Akasema siku ile alikuwa anatafuta spana namba 15.

Nilikaa kimya. Nje bodaboda zinapita barabara ya Tukuyu.

Alafu akavuta miguu ile karibu, akaiinua kwenye mwanga, akaona kile kichuma cha ndoano. Akakigusa na ukucha. Akachukua kifua akachungulia ndani. Mkono wake ukabadilika, siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo, ulikuwa mkono wa mzee aliyeshika uchafu mezani, ukawa mkono wa fundi.

"Hapa panakaa mpira," akasema.

"Ndiyo mjomba."

"Mwembamba."

"Ndiyo."

Akamwita mjukuu wake amletee tyubu. Mtoto akaleta ya pikipiki, mjomba akaibonyeza akaitupa, ukuta mnene, akasema siku hizi baiskeli hamna, kila mtu bodaboda, na zingine ndo hizo tyublesi hata tyubu zenyewe zinaisha, mtu akikatika kiuno atafungwa na nini. Akamtuma mtoto tena, kwenye banda la kuku, juu, nyuma ya bati, kuna baiskeli ndogo ya baba yako. Mtoto akakaa sana. Akarudi na tyubu imefubaa kama ngozi ya chura, mjomba akaivuta, akaisikiliza. Akasema hii sawa, zamani walikuwa wanatengeneza.

Akaomba wembe. Akakata, akabana, akapaka solusheni, na tukasubiri ikauke, yeye na mimi na mtoto, hakuna aliyeongea. Spoku aliinoa mwenyewe, nilitaka kumsaidia akanitoa mkono. Skrubu ikaingia. Akamsimamisha juu ya meza pembeni ya sahani ya viazi.

Lilikuwa nene. Kongi amesimama wima, hainami, hageuki. Mjomba akampiga kofi dogo la mgongoni, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, ulimi ukaanza kutoka kidogo pembeni.

"Lete wembe," akasema.